Gasketi ya Darasa la Nne

Leo mwanangu ameninyooshea ripoti yake ya shule, na wakati huohuo pikipiki ya kizamani, zile za kuchanganyia oili kwenye petroli, ikapita nje ikitema moshi. Hasira ikanipanda palepale.

Gereji ya baba ilikuwa uchochoroni Kariakoo. Siku moja, nikiwa darasa la nne, nilikuwa nimeshika nafasi ya pili, nikaenda mbio na ripoti. Nikakuta mteja amemkalia baba kooni.

“Shikamoo baba. Soma.”

“Marahaba, mama. Subiri.”

“Fundi, gasketi gani hiyo inakatwa siku nzima?” mteja akamfokea.

Baba akaipokea ripoti, akaikunja kidogo kupima ugumu wake. “Karatasi yenyewe hii hapa.”

Akailaza juu ya injini iliyofunguliwa ya pikipiki ya mteja, ya aina hiyohiyo ya kutema moshi, akaigonga kingoni kwa nyundo ndogo mpaka ikakatika umbo la gasketi ya kuziba injini isivuje. Kipande chenye jina langu kikaangukia kwenye oili iliyomwagika. Sikulia. Nilitamani kuipiga teke ile pikipiki ianguke.

Gasketi ikafungwa, injini ikawaka. Baba akaniita, uso unamng’aa.

“Njoo uone, mama. Haivuji hata tone.”

Leo nimenawa mikono kwa sabuni, nikaifuta ikauka, ndipo nikaipokea ripoti ya mwanangu.