Ijumaa ng'ambo ya kijito

Juzi mjini Ogembo nilimwona msichana akifuma kitambaa cha kiti kwa kroshia, akipiga soga bila kulitazama jua hata mara moja. Nilimwonea wivu.

Kwetu, jua la Ijumaa lilipozama, Sabato iliingia na kazi zote zilikoma. Alasiri moja ya Ijumaa, nikiwa mtoto, nyumba ilinuka pasi ya makaa, nami nilikuwa nikihangaika na ukingo wa kitambaa changu cha kwanza. Mgeni wa kanisa angekuja kesho yake, na mama alikuwa ameahidi kukitandika kwenye mgongo wa kiti atakachokalia. Uzi ulinata kwa jasho la vidole. Nilikosea, nikafumua, nikakosea tena, mpaka jua likatumbukia nyuma ya migomba.

"Weka chini, Kemunto," mama alisema.

"Imebaki kidogo tu, mama."

"Hicho kidogo utamalizia Jumapili."

Lakini ng'ambo ya kijito bati la jirani lilikuwa bado linang'aa. Niliamini kule ilikuwa bado Ijumaa. Nikaficha kitambaa ndani ya gauni, nikavuka maji, nikapanda kilima mbio. Nilipofika, mwanga ulikuwa umeshahamia kilima kingine.

Bibi wa boma lile, akifungia kuku, alinicheka. "Unalifukuza jua na uzi, mjukuu wangu?"

Leo najua hakuna kilima ambapo ningeliwahi jua. Siku ile nililia kwa hasira, nikidhani Mungu anawapendelea wanaokaa juu.

Kesho yake mgeni aliegemeza kichwa kwenye mbao tupu za kiti, akaisifu nyumba yetu, nami nimeikalia mikono yangu isije ikakimalizia kitambaa.