Mahindi ya Juu ya Meko

Ujumbe wa mwenzangu wa kazi ulinikuta nikinywa chai nyumbani Kitale: "Dada, mimi naacha. Hizo taipu zako zimenishinda. Tafuta mtu mwingine." Kwanza nilikasirika, kisha nikaogopa. Katika kazi ile tulikuwa wawili tu, mimi Kitale, yeye kwao Bungoma, na programu nzima ya mashine za kukausha mahindi ilianzia kichwani mwake.

Kila mashine ina vipimo vyake vya joto na unyevu, kwa hiyo hatukuandika programu ya kila moja kwa mkono. Tuliandika programu inayoandika nyingine, kwa lugha ambayo karibu kila kitu ni fankisheni, yaani kijisehemu kinachopokea kitu na kutoa kingine. Kompaila, ambayo kazi yake ni kugeuza maandishi yetu yawe kitu inachoelewa mashine, ilipokea vipande vya programu, ikaviunga, na programu ya mashine ikazaliwa kabla mashine yenyewe haijawashwa. Yeye ndiye aliyebuni hivyo. Shida ni kwamba vipande vyake vyote vilikuwa vya aina moja, maandishi matupu. Kipande cha joto kikiingia pahali pa unyevu, hakuna kilichokikataza. Tungejua mahindi yakishaungua.

Nikaamua kusafisha. Nikakipa kila kipande aina yake, ndiyo hizo taipu: kitatoa nini, kimetoka wapi, kinahitaji nini, ni cha mashine gani. Nilijivunia kazi ile, sidanganyi. Lakini ukikosea kidogo, kompaila ilikujibu kwa maneno ya kujaza skrini, na mwenzangu akabaki kuyatazama tu.

Jumamosi nikaenda Bungoma kumrudisha. Sikwenda kumbembeleza. Nilikwenda kumweleza tena, maana mimi huamini kwamba asiyeelewa hajaelezwa vya kutosha.

Mama yake alinikaribisha jikoni, akaniomba niongeze mahindi kwenye sufuria ya maharagwe, akatoka kukama. Juu ya meko palining'inia mahindi yaliyofungwa pamoja kwa maganda yake, meusi kwa moshi. Nikadhani yamewekwa pale panya wasiyafikie. Nikashusha machache, nikapukuchua, nikatia sufuriani.

Aliporudi alitazama juu, kisha sufuria, kisha mimi. "Mwanangu, hiyo ni mbegu," akasema polepole. "Hiyo tunapanda. Ya kula iko kwa gunia, hapo mlangoni."

Kwetu mbegu hununuliwa dukani, imepakwa rangi, na hata mtoto anajua hailiwi. Hapa hindi la kupanda na la kula, ukishafuta moshi, yalikuwa na sura moja. Kilichoyatenga ni pahali yalipowekwa, na mimi sikuwa nimeambiwa. Niliona aibu mpaka masikio yakawaka.

Mwenzangu alikuwa amesimama mlangoni. Hakucheka. "Sasa umejua venye mimi huskia nikifungua kazi yako," akasema. "Kila kitu ati ni wazi, isipokuwa kwangu. Si ujinga, dada. Ni ugeni."

Nilikuwa nimebeba maelezo ya asubuhi nzima. Sikuyatoa. Maneno yale yaliniuma kwa sababu yalikuwa kweli: nilikuwa nimemfanya mgeni katika nyumba aliyoijenga mwenyewe.

Tukala githeri ile ya maharagwe na mahindi ya mbegu, mama yake akitania kwamba msimu ukifika nitakuja kupalilia bure. Nikamuuliza mwenzangu, akishika kipande, angependa kujua nini tu.

Akafikiri. "Kama ni ya saa hii ama ni ya baadaye. Na itanipa nini. Hayo mengine si uyafiche, bana."

Nikarudi Kitale nikafuta karibu yote. Zikabaki aina fupi, kama Joto na Kesho Joto. Joto ni nambari tuliyo nayo sasa. Kesho Joto ni kipande kitakachotoa joto mashine ikishawashwa. Mengine kompaila inayafuatilia yenyewe, kimyakimya. Hata maneno ya kumkataza aliyekosea niliyaandika upya, kwa Kiswahili. Nikamtumia bila maelezo yoyote, na kwangu hilo si jambo rahisi.

Siku zikapita, nikaanza kujizoeza kufanya kazi peke yangu. Kisha ikaja picha ya skrini yake. Alikuwa amechanganya vipande makusudi, na kompaila ikamjibu: "Hii ni ya kesho. Ya leo iko mlangoni."

Chini yake alikuwa ameandika: "Imenikataza polepole, kama mama. Jumatatu tuanze na mashine ya kule Naitiri."