Godoro Nililobeba kwa Ajili ya Tone Moja

Aibu ninayo, lakini nasimulia. Mimi, dereva wa watalii ninayejigamba siogopi simba wa Ngorongoro, nilipata uvimbe shingoni. Daktari hapa Karatu akasema, "Kesho tutatoa sehemu kidogo, tuipime." Kichwani mwangu nikaona kisu. Nikawapigia ndugu zangu wa Oldeani waje kutoa damu. Mke wangu akafunga godoro, blanketi na chupa ya uji, kwa kuwa anayepasuliwa hulazwa.

Kesho yake, pale kitandani kwa daktari, nikafumba macho, nikasali kwa sauti. Nikahisi kama mbu kaniuma.

"Dokta, ukianza uniambie."

"Nimemaliza, baba. Vaa shati."

Akanionyesha sindano nyembamba kama ya chanjo, na tone dogo kwenye kioo. Akalipaka rangi, akaniita kwenye darubini. Mungu wangu! Chembe za zambarau zilijaa kama nyumbu ukiwatazama kutoka ukingoni mwa kreta. Zote zimetoka shingoni mwangu, na sina hata mshono!

"Saratani sioni," akasema.

Akafungua mlango. Ndugu zangu saba walikuwa kwenye foleni, wamekunja mikono ya mashati. Shemeji aliyekuja nao akauliza huku analia, "Dokta, amebakiwa na damu kiasi gani?"