Uzi wa Machi wa Tanti Veturia

Uzi wa Machi husokotwa na watu wawili. Mmoja anashika ncha hii, mwingine ile, uzi mwekundu na mweupe pamoja, kila mtu anazungusha upande wake. Tanti Veturia, "shangazi" kwa heshima tu, jirani yetu wa chini anayebadilisha zipu za makoti hapa mjini Botoșani, mwaka wa tatu huu alikuwa anausokota na kitasa cha mlango.

"Kitasa hakilalamiki," aliniambia nilipomkuta. "Ilinca alikuwa analalamika tu."

Ilinca ni binti yake, anachuma stroberi Uhispania. Nikashika ncha.

"Vuta, mgeni! Au kwenu hawali?"

"Kwetu tunakula ugali, Tanti. Wewe ndiye unayelegeza."

Alicheka mpaka uzi ukamponyoka, tukaanza upya.

Tulisokota nyuzi tatu: wake, wangu, na wa Ilinca, ambao Tanti aliutia kwenye bahasha na kumtumia. Tarehe mosi Machi kila mtu akaufunga wake mkononi. Miti ikichanua, uzi unavuliwa na kufungwa tawini. Safari hii Ilinca alikuwa ameahidi kuja, wafunge nyuzi zao pamoja kwenye mti wa aprikoti wa uani, kama zamani.

Mti ukachanua. Kila nikitoka shule namwona dirishani, uzi bado mkononi, umeshaingia weusi wa mafuta ya cherehani.

"Tanti, maua yanapukutika. Funga basi."

"Yapo mengi. Wewe una haraka ya nini?"

Sikuwa na haraka yoyote. Nilitaka sana kumwona mtu akirudi nyumbani, hata kama si nyumbani kwangu.

Jumamosi, nikiwa kwake, simu yake ikalia. Picha: uzi wetu kwenye tawi la mchungwa lenye maua meupe. Chini yake: "Mama, huku michungwa imewahi kuchanua. Bosi amekataa kuniachia."

Tanti aliikuza picha kwa vidole viwili, akakaa anaitazama.

"Amefunga fundo mara mbili," alisema. "Nilimfundisha mimi."

Akashuka uani na slipa zake. Tawi pekee lililobaki na maua lilikuwa juu. Nikalivuta chini, akafunga. Fundo mara mbili. Kisha akanitazama mkono.

"Na wako?"

"Wangu bado, Tanti."

Hakuniuliza namngoja nani. Aliushusha tu mkono wa koti langu mpaka ukaufunika uzi, maana upepo ulikuwa bado na baridi.