Boti ya Kwetu

Jamani, chekeni tu, maana siku hizi hata mimi nacheka, lakini siku ile nilitamani ziwa linimeze pamoja na mkeka wangu. Najua wengi mmeshausikia mkasa huu pale ufukweni Baraka, ukisimuliwa vibaya, kwamba eti mimi, mjane wa watu, nilikuwa na kapitene wangu wa siri, na wapo wanaoongeza chumvi kwamba nusura nizamishe boti nzima. Leo nawaeleza mwenyewe, ijapokuwa kuna mahali katika habari hii ambapo hadi sasa sielewi vizuri nilipotelea wapi.

Mimi ni mtu wa Fizi, wa milimani, na maji nayajua ya kunywa na ya kuoga. Anayeishi Baraka ni kaka yangu, na binti yake Zawadi alikuwa anangojea wageni, yaani familia ya mchumba wake, waliokuwa wanakuja kutoka Uvira kumwomba rasmi. Kwetu binti hatolewi mpaka shangazi yake asimame mbele ya watu aseme amekubali, na shangazi wa Zawadi ni mmoja tu, ni mimi. Wageni wenyewe sikuwa nimewahi kuwaona kwa macho (walipokuja kujitambulisha nilikuwa Fizi, mguu umevimba). Lakini vitenge vya sare vya wamama wa familia vilikuwa vimeshonwa Uvira na mdogo wangu, ikabidi mtu avifuate, na kwa kuwa mimi napenda kusifiwa nikasema nitakwenda mimi, napanda boti asubuhi, navipokea, nageuka na boti hiyohiyo, jioni niko nyumbani.

Sasa pale tunapopandia hakuna gati. Boti inasimama majini na abiria wanabebwa mgongoni na wanaume wenye nguvu zao. Mwili wangu mnauona wenyewe. Asubuhi ile walinibeba wawili, wakasimama katikati ya maji kupumzika, na ufuko mzima ukacheka. Kwa hiyo tulipofika Uvira nikasema moyoni, mimi sishuki, nishuke nikafanye nini, nibebwe kwenda mchangani halafu nibebwe tena kurudi? Mdogo wangu akamkabidhi mbebaji furushi la vitenge, akanipungia mkono kutoka mchangani, ikawa imekwisha. Abiria wote wakashuka. Nikabaki peke yangu kwenye mkeka wangu, upande wa kushoto, palepale nilipokaa tangu asubuhi nikiitazama milima yetu (milima ile inakusindikiza kutoka Baraka mpaka Uvira, haikuachi hata kidogo, na ndiyo iliyonipa moyo).

Kapitene ni mtu mwema, ila ni mtu wa maneno machache, na hayo maneno machache ndiyo yaliyoniua. Aliniona natetemeka kwa vile mawimbi yalikuwa yamenilowesha, akanivika koti lake, zito, lenye vifungo vya shaba na nanga iliyoshonwa kifuani. Halafu mpishi wa boti akaniomba nimwangalilie maharagwe kwenye mbabula, lile jiko la makaa, yeye ashuke kidogo kutafuta chumvi. Sasa pigeni picha: abiria wapya wanaletwa mgongoni mmoja mmoja, na kitu cha kwanza wanachokikuta ndani ni mama mnene, amevaa koti la kapitene, ameshika mwiko, amekaa juu ya mkeka kama yuko sebuleni kwake.

Akaja mzee mmoja mwenye suti ya rangi ya maziwa, pamoja na wamama wawili. Akasimama mbele yangu kwa heshima, akauliza, "Mama, hii boti ni ya kwenu?"

Mimi nilijua anauliza boti ni ya wapi. Kuna boti za Kalemie, kuna za Uvira, na hii ni ya Baraka. Nikamjibu kwa roho safi kabisa, "Ndiyo, baba, ni ya kwetu."

Basi nikaanza kuona heshima ambayo sijawahi kuipata hata kanisani. Wananiuliza wakae wapi, nawaambia pale mbele maji yanaingia, njooni huku. Wananiuliza injini ikikohoa vile ina maana gani, nawaambia msiogope, hiyo ndiyo tabia yake (asubuhi ilipokohoa mimi ndiye niliyelia). Safari moja tu nilikuwa nimeisafiri maishani mwangu, lakini mbele ya watu wapya nikawa mwenyeji, na utamu wa kuwa mwenyeji mnaujua. Nilikuja kuelewa wananionaje pale mmoja wa wale wamama aliponiinamia sikioni akaniambia, "Umwambie muzee wako aende polepole, mi naogopaka maji."

Hapo ndipo ningesema hapana, mama, mimi ni abiria kama wewe. Neno moja tu. Badala yake nikamshika mkono nikasema, "Nitamwambia."

Tukaondoka. Nikapakua maharagwe, nikagawa mpaka kwa watu nisiowajua, nikala, nikalala.

Nilipoamka, ndugu zangu, milima haikuwepo. Nimelala kwenye mkeka uleule, upande uleule, nimegeukia kulekule, na pale nilipoiacha milima yetu kuna maji matupu, na mbali kabisa kuna ukungu wa nchi ya watu. Kichwa changu kikakataa kufanya kazi. Nilijua tunakwenda Uvira, halafu nikakumbuka Uvira tulishafika, halafu nikajiuliza kama tulishafika mbona bado tuko majini, na kama tunarudi milima imekwenda wapi? Kwamba boti ikigeuka na kushoto kwake kunageuka, hilo nilielezwa baadaye. Wakati ule nilisimama na koti langu la nanga nikapiga kelele, "Tumepotea! Banatupeleka Burundi!"

Angesema mtu mwingine wangemcheka. Lakini alisema mke wa kapitene. Watu wote wakainuka kwa pamoja kutazama upande wangu, boti ikalala ubavu, na sufuria ya maharagwe yaliyobaki, na mawese yake yote, ikaruka ikatua kifuani kwa yule mzee wa suti ya rangi ya maziwa. (Yalikuwa yameshapoa, Mungu ni mkubwa.)

Kapitene akaja kutoka nyuma. Akasema watu wakae chini, boti ikanyooka, kisha akauliza nani amesema Burundi.

"Ni muke yako," mzee akajibu, anajifuta.

Kapitene akanitazama mimi, akatazama koti lake, akamtazama mzee. "Muke yangu iko Kalemie," akasema. Akarudi kwenye injini yake.

Hakuongeza kwamba huyu ni abiria tu, nimemwazima koti kwa ajili ya baridi. Aliacha hivyohivyo. Yule mama mwoga wa maji, mkono wake ukiwa umeshatoka kwangu zamani, akamwambia mwenzake taratibu, "Kumbe ni deuxième bureau." (Kwa wasiojua Kifaransa, ofisi ya pili, yaani mwanamke wa pembeni.)

Nikaanza kueleza habari za milima, kwamba ilikuwa hapa na sasa iko kule, na kadiri nilivyoeleza ndivyo walivyoamini kwamba pia nimekunywa. Nikavua koti nikamfunika mzee aliyelowa, nikidhani naomba msamaha, kumbe nazidi kuonyesha kwamba nguo za kapitene ziko chini ya amri yangu.

Tulipofika Baraka nikamwona kaka yangu ufukweni na watu wa nyumbani, wamependeza, wananyoosha mikono kwa furaha. Nami nikanyoosha wangu. Kisha nikaona hawanitazami mimi, wanamtazama mzee mwenye koti. Kumbe wale ndio wageni wetu kutoka Uvira. Nikakaa chini nyuma ya magunia mpaka wageni walipobebwa wote, na kapitene akanikuta hapo.

"Mama, we haushuke? Tunaendelea Kalemie."

Siwafichi, nilifikiria. Niliona afadhali nibaki na boti hiyo, safari ya tatu na ya nne, kuliko kushuka nikawaharibie harusi ya mtoto wangu. Kisha nikakumbuka nani yuko Kalemie. Nikashuka.

Usiku nikajitia kuumwa kichwa, asubuhi kikazidi, lakini kaka yangu akasema wazi kwamba bila shangazi hakuna mtu atakayetolewa hapa, amka. Nikajifunga kitenge cha sare mpaka kwenye nyusi. Nikaingia uani, nimemshika Zawadi mkono. Msemaji wa wageni alikuwa yuleyule mzee, na alikuwa amevaa koti la nanga, kwa kuwa mawese hayatoki kwenye suti nyeupe.

Akanitazama. Akasema, "Huyu mama tunamujua." Kaka yangu akauliza wapi, na yule mama mwoga wa maji akamjibu kwamba ni ndani ya boti, mimi ni wa kapitene. Kaka yangu akanigeukia, uso umemwanguka, akaniuliza mbele ya wote kama nimeolewa bila yeye kujua. Na Zawadi akauachia mkono wangu. Hapo aibu yangu nikaiacha pembeni. Nikafunua kichwa, nikasema yote, mgongo wa wabebaji, mkeka, koti, mwiko, milima, mpaka ile "nitamwambia".

Mzee hakucheka. "Ulisema boti ni ya kwenu."

"Nilisema ni ya kwetu, baba. Ya hapa Baraka."

Akavishikashika vile vifungo vya shaba. "Na huyu mutoto? Ni wa kwenu?"

"Ni wa kwetu, baba."

"Kwetu ya kweli ao kwetu ya boti?"

Machozi yakanitoka. "Kwetu ya kweli. Mama yake aliugua, mi njo nilimubeba mugongo mpaka akajua kutembea."

Mzee akawatazama wamama wake, wamama wakainamisha vichwa kukubali, na yule mwoga wa maji akatangulia. "Basi mutupatie," mzee akasema. "Akuwe wa kwetu pia." Nikasema nimekubali, nikarudia ili wote wasikie.

Tangu siku hiyo boti ikigusa mahali, mimi ndiye wa kwanza kushuka, wanibebe wawili, wanibebe watatu, watu wacheke mpaka walale mchangani. Na mtu akiniuliza kitu ni cha kwenu, kwanza namuuliza yeye anataka kujua nini. Tatizo lililobaki ni koti. Mzee alirudi nalo Uvira na amekataa kulitoa, anasema ndiyo kumbukumbu yake ya ile safari. Kwa hiyo kila nikipita ufukweni Baraka, kapitene ananiona kutoka ndani ya boti yake, na mbele ya watu wote, kwa yale maneno yake machache, anapaza sauti, "Mama, koti yangu uliiacha wapi?"