Shamba la Gaspard Lisilo na Tundu

Kijiji kizima cha Bwegera kilijua kwamba Gaspard anaitaka ile pompi. Mradi mmoja wa Uvira ulikuwa umeahidi pompi ya maji kwa shamba moja tu, lile ambalo udongo wake ungeonekana bora kwenye picha ya eksirei. Ndiyo, eksirei, ile ya kifua. Mama mkwe wa Gaspard alikuwa amekohoa misimu miwili bila kupigwa hata moja. Udongo ndio ungepanda ndege kwenda Ulaya kupigwa.

Zamani mzee wa bonde la Ruzizi alichomeka fimbo yake ardhini. Ikiingia, analima, ikikataa, analiacha shamba lipumzike. Fimbo haikuhitaji viza. Lakini Gaspard aliwacheka wazee hao. Yeye alikuwa mtu wa maendeleo, mwenye koti na simu mbili, moja nzima.

Délice, agronomu kijana wa mradi, alikuja akachomeka kijiti kwenye kona ya shamba.

"Papa Gaspard, wiki ijayo nitakamata udongo hapa. Ile mashine inaonaka matundu yote ya ndani, hata ile macho ya mutu haiwezi kuona."

"Matundu?" Gaspard alishtuka. "Mu shamba yangu?"

Délice alikuwa ameshapanda pikipiki. Viatu vyake vyeupe havikupenda maelezo marefu.

Basi Gaspard akafanya kile afanyacho kila mwenye adabu anayengoja wageni: alishindilia sakafu. Aliimwagia kona ile maji, akaitwanga kwa mchi wa mpunga, akaiacha ikauke, akaitwanga tena. Mkewe, Apollinarie, alisimama ukingoni, mikono kiunoni.

"Weye mwanaume, uko unajenga nyumba ao unalima?"

"Nyamaza. Mutu anaacha Wazungu waone tundu mu nyumba yake?"

Juu akanyunyiza udongo laini. Siku ilipofika, bomba la plastiki la kuchukulia udongo liligoma kuingia. Délice aligonga kwa nyundo mpaka likaingia, shati limemganda mgongoni.

"Udongo iko nguvu!" alijigamba Gaspard, ndani ya koti.

Délice aliitikia kwa kichwa. Alikuwa na diploma ya udongo. Kuugusa hakukuwa kazi yake.

Picha zilirudi mwanzo wa mvua. Ya shamba la mjane Marie-Rose, aliyekuwa matangani kule Nyamianda na ambaye hakuwa ameshika jembe tangu mavuno, ilijaa vijia vyeusi vya minyoo na mizizi.

"Maji na hewa inapitaka humu," Délice aliwaambia watu. "Pompi iko yake."

Ya Gaspard ilikuwa nyeupe tupu.

"Hii iko kama simenti, Papa. Maji haiwezi kuingia."

"Haiko hata tundu moja," alisema Gaspard, akiwatazama watu kushoto na kulia. "Si mumeona?"

Pompi ilimletea Marie-Rose mpunga hadi akakosa pa kuanika. Akaja mlangoni kwa Gaspard kwa adabu zote, ungo kichwani.

"Papa Gaspard, uniazime ile kona yako. Bwegera yote haina fasi ya kuanikia mpunga yenye kulala sawa kama ile."

Gaspard alitaka kukasirika. Lakini hiyo ilikuwa sifa, na sifa haikuwa imepita kwake siku nyingi. Akavaa koti, akaenda kumwonyesha mahali jua linapokaa vizuri.