Tulifuta Code, Gari Ikakataliwa

Leo gari yangu imekataliwa emission, ule ukaguzi wa moshi, kwa sababu kompyuta yake ni safi sana.

Msicheke bado.

Taa ya injini imewaka tangu majira ya baridi. Stika ya usajili inaisha wiki hii, na hawaihuishi bila emission. Bila stika siendeshi, na bila gari sina kazi. Site ya ujenzi iko Herndon, huku huku Virginia, na hakuna basi ya alfajiri.

Sasa asubuhi Baba Kevo, fundi wa magari tunayesali naye, akachomeka kale kamashine kake chini ya usukani. Akafuta code zote, zile alama za hitilafu kompyuta ya gari inaweka. Taa ikazima. Nikaosha gari pia, si mnajua vile kwetu tunafanya ukienda kukaguliwa.

Jamaa wa test naye akachomeka yake. Akaangalia. Akaniangalia.

"Sir, umefuta code leo?"

Nikamwambia ni fundi.

"Kompyuta haina kitu. Gari haijajipima upya tangu zifutwe. Endesha siku kadhaa ndio urudi."

"Na taa ikiwaka tena?"

"Hapo utafeli."

Yaani code zikiwa ndani, nafeli. Zikitoka, nakataliwa.

Nikampigia Baba Kevo. Ati, "Lakini mzee, si taa ilizima?"

Ilizima. Imewaka tena nikirudi Woodbridge, hata sijafika nyumbani.

Mambo ya gari yote alikuwa anashughulikia marehemu mke wangu. Mimi najua kubeba mbao tu.

Kama kuna mtu hapa group anatoka Woodbridge akipitia Herndon alfajiri, anibebe.

Kama hakuna, pia semeni tu. Nijue.